Msomaji wa kitabu cha sauti kanifichulia muuaji kwa sauti yake, hii ni haki kweli?

fundi_mbuyuni (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie maana hili jambo limenikaa kichwani tangu juzi na hapa kazini sina wa kuongea naye, wenzangu wote wanasikiliza mpira na taarabu.

Mi ni fundi cherehani hapa Moshi jirani na soko la Mbuyuni, na kwa kazi hii macho na mikono vyote viko kwenye nguo, kinachobaki huru ni masikio tu, kwa hiyo huu mwaka wa pili nasikiliza vitabu vya sauti, hasa zile riwaya za polisi wapelelezi. Kiingereza changu ni cha kawaida ila napunguza spidi mpaka 0.8 na naelewa. Hicho ninachotaka kuwaambia ni cha masaa 11, kwa spidi yangu yakawa karibu 14, nikakimaliza kwa siku mbili za kushona sare za shule.

Jina la kitabu sitaji humu nisije nikawaharibia wengine. Ni polisi wa Uingereza, mpelelezi ni mwanamke, cheo inspekta, anachunguza kifo cha mzee mmoja aliyekutwa chini ya ngazi nyumbani kwake. Sura ya nne polisi wanasikiliza rekodi ya simu iliyopigwa 999, namba ya dharura ya kule, usiku ule. Mpigaji hajajitaja, anasema tu kuna mzee kaanguka, njooni, anakata. Na muda alipopiga hiyo simu, mlango wa mzee ulikuwa bado umefungwa kwa ndani! Sasa alijuaje? Kitabu kizima wanahangaika na hiyo simu.

Sura ya sita anaingia jirani, anawachemshia polisi chai, anaongea sentensi mbili, mguu wangu ukasimama kwenye pedeli. Nilikuwa nazungushia kola, sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa. Nikasema huyu ndo yule wa simu. Sauti ile ile kabisa! Msomaji ni mwanaume mmoja tu anasoma watu wote, watoto, wazee, wanawake, na ile sauti aliyompa mpiga simu ndo hiyo hiyo kampa jirani. Yakabaki masaa nane mi namjua muuaji na inspekta hamjui, anaenda kuhoji watu wasiohusika, anagombana na mkuu wake, analala ofisini, na mi nipo hapa natamani nimwambie mama rudi kule ulikokunywa chai.

Nikaendelea mpaka mwisho nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea.

Swali langu ni hili, hilo ni kosa la msomaji au ndo inavyotakiwa? Maana kwenye karatasi mpiga simu hana sauti, ni maandishi tu, msomaji wa karatasi hawezi kumjua. Mwandishi katoka jasho kumficha, halafu mtu mwingine kwenye maiki anamtoa kwa sentensi mbili. Nimeumia kweli, kitabu chenyewe kizuri mno.

chalii_wa_sakina (Arusha)

Pole sana dada. Mi nasema ni kosa na kosa kubwa, riwaya ya upelelezi raha yake ni kutojua, ukishajua unasikiliza nini sasa? Mi ningekiacha pale pale sura ya sita.

fundi_mbuyuni

@chalii_wa_sakina nilishindwa kukiacha kaka, yule inspekta nilikuwa nishampenda. Ana mama mgonjwa nyumbani, kila akitoka kwenye maiti anapita dukani kununua supu ya kopo ya mama yake. Nilitaka nijue atafikaje.

sauti_ya_ngaramtoni (Arusha)

Dada fundi, hapa umenigusa maana hii ndo kazi yangu. Nasoma simulizi kwa sauti, huu mwaka wa tano, nyingine zinaenda redioni nyingine kwenye makundi ya WhatsApp. Ngoja nikueleze jikoni kulivyo kabla hatujamhukumu huyo msomaji.

Kusoma kwa mwendo wa kawaida ni kama maneno 150 kwa dakika, yaani 9,000 kwa saa, kwa hiyo kitabu chako cha masaa 11 ni karibu maneno laki moja. Hayo masaa 11 ni yale yaliyosafishwa. Kuyapata unakaa kwenye maiki mara mbili yake au zaidi, unakosea, unarudia, unakohoa, tumbo linaunguruma, unarudia tena. Mi studio yangu ni chumba cha kulala, nimetundika mablanketi mazito kuta zote ili sauti isirudi, na bado jogoo wa jirani ananiharibia, na mwezi wa nne mvua ikianza kupiga bati hakuna kazi, unakaa unaangalia maiki. Kwa hiyo sura ya nne na sura ya sita si ajabu zikarekodiwa siku tofauti kabisa.

Sasa kwa sababu ya hizo siku tofauti, msomaji anayejua kazi haachi sauti kwenye kumbukumbu ya kichwa. Mi kila mhusika akiongea mara ya kwanza nakata kipande cha sekunde kumi nahifadhi kwenye folda, nikirudi kesho nasikiliza kwanza ndo naingia. Na kabla ya kuwasha maiki kitabu nakisoma chote mpaka mwisho, kalamu mkononi. Hili la kusoma kwanza nililijifunza kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasoma simulizi ya mauaji huku naipokea sehemu kwa sehemu kutoka kwa mwandishi, kulikuwa na mtu anatuma barua za vitisho, nikampa sauti nzito ya kiume ya kutisha, nimejitahidi kweli kweli, sehemu ya 31 inafika kumbe mwandishi wa barua ni bibi harusi. Sehemu 30 zimeshasikika na watu. Nilimpigia mwandishi nikamwomba radhi karibu nilie, kazi ya mwenzangu niliiharibu mimi.

Kwa hiyo kwa mtu asiyejulikana tuna njia zetu. Kuna wanaomsoma kwa sauti yao ya kawaida ya msimulizi, haina rangi yoyote. Kuna wanaomnong'oneza. Simu unaweza kuichuja ikawa nyembamba kama inatoka kwenye waya. Nachotaka kusema, msomaji aliyepewa kitabu kikubwa hivyo ana njia zote hizo na mhariri wa sauti juu yake, kwa hiyo sauti kufanana kwa bahati mbaya sioni kama ni rahisi.

Naomba unifanyie kitu kimoja. Rudi usikilize tena sura ya nne na ya sita, ila usisikilize uzito wa sauti. Sikiliza anavyotamka. Niambie ulimjua kwa sauti au kwa utamkaji, hivyo ni vitu viwili tofauti.

dereva_namanga (Arusha)

Samahani nawakatisha, mi naendesha lori usiku na nimeupenda huu mjadala ila hivi vitabu si vinakula bando sana? Masaa 11 si nitauza gari.

sauti_ya_ngaramtoni

@dereva_namanga hapana mkuu. Sauti ya mtu anayesoma haihitaji ubora wa muziki. Faili la kilobiti 64 kwa sekunde linakula kama MB 29 kwa saa, masaa 11 ni kama MB 320 hivi. Likiwa la 128 ndo linazidi mara mbili. Shusha kabisa kabla hujaondoka, ukitegemea mtandao barabarani ukifika Longido huko unakatikia kwenye mahojiano ya mtuhumiwa. Na kama lipo la M4B chukua hilo, linakumbuka ulipoishia na sura zake zimegawanywa, MP3 za vipande vipande ukizipanga vibaya unaweza kusikia kukamatwa kabla ya kufa.

dereva_namanga

Asante sana mkuu, nimeelewa.

kota_za_polisi (Moshi)

Mi nimekulia kota za polisi, baba alikuwa askari wa upelelezi, sasa hivi kastaafu tupo naye Majengo hapa. Nimemsomea hii posti yako dada yangu, kwanza akauliza kama huyo inspekta alimkamata jirani kwa sauti. Nikamwambia sijui. Akasema kama alimkamata kwa sauti peke yake basi hiyo kesi imekufa siku hiyo hiyo.

Akanieleza, na mi nimesoma sheria kidogo nathibitisha, kwamba hapa kwetu Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kuwa kumtambua mtu kwa sauti ni ushahidi dhaifu sana na hakimu auendee kwa tahadhari kubwa. Lazima shahidi awe anaijua hiyo sauti vizuri tangu zamani, na bado watamuuliza huoni mtu anaweza kuigiza sauti ya mwenzake? Hata kuona kwa macho usiku kuna masharti, ipo kesi maarufu ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, kila wakili anaijua, inataka shahidi aseme alikuwa umbali gani, alimwangalia muda gani, mwanga ulikuwa wa nini, anamfahamu kabla au la. Mtu anasema nilimwona kwa mwanga wa taa, wanauliza taa gani, koroboi au umeme, ilikuwa imewekwa wapi.

Kwa hiyo mi naona hujaharibiwa kitabu. Wewe ulipata fununu sura ya sita, kama mpelelezi anavyopata fununu, anaangalia mtu anajua huyu ndiye, ila mkononi hana kitu. Baba anasema kuna mtu aliwahi kumjua siku ya kwanza msibani kwa vile alivyokuwa anawahimiza watu wazike haraka, ikamchukua miezi kupata kitu cha kupeleka kwa waendesha mashtaka. Hiyo miezi anasema ndo upelelezi wenyewe, ile siku ya kwanza haihesabu.

Halafu anakuuliza, yule inspekta wako ameisikiliza ile rekodi kwa masikio yake au kaletewa maandishi tu mezani?

fundi_mbuyuni

Shikamoo yake mzee. Swali lake limenifanya nisimamishe kazi nirudie. Hapana, hakuisikiliza mwenyewe! Sura ya nne anayeisikiliza ni kijana konstebo kituoni, inspekta kaletewa karatasi imechapwa maneno ya ile simu. Alikuja kuisikia kwa sikio lake karibu na mwisho kabisa. Na hakumkamata kwa sauti, alimkamata kwa ufunguo wa mlango wa nyuma, jirani alikuwa na nakala aliyochongesha akakana, wakampata aliyeichonga. Kwa hiyo mzee wako asiwe na wasiwasi na kesi.

mwalimu_kaloleni (Arusha)

Mnavyoongea hivi mimi nafikiria lugha. Fundi, kwenye hicho Kiingereza waliposema habari za mpiga simu, walisema ni mwanaume au mwanamke?

fundi_mbuyuni

Hawakusema mwalimu. Kila saa ni "mpigaji", "ile sauti", "huyo mtu". Nilidhani ni ustaarabu wao tu.

mwalimu_kaloleni

Si ustaarabu, ni kazi ngumu hiyo. Kiingereza kina neno moja la mwanaume na lingine la mwanamke, mwandishi akiteleza mara moja tu akaandika moja kati ya hayo nusu ya watuhumiwa wameshatoka. Ndiyo maana anazungukazunguka na "mpigaji". Sisi tunapewa bure! Alipiga, akasema, akakata, akatoroka, hiyo "a" haina jinsia, unaweza kuandika kurasa 200 za muuaji na msomaji asijue ni mjomba au shangazi na wala sentensi hazijapinda popote. Mimi nikifundisha viambishi nafsi kidato cha pili huwa natumia mfano wa mwizi, nawaambia andikeni aya moja mwizi anaingia dukani, halafu nauliza ni wa kiume au wa kike, darasa zima linagombana, na aya haijasema.

Ila sasa angalieni, hiyo zawadi inaishia kwenye karatasi. Ikifika kwenye sauti yule ndugu yetu wa Ngaramtoni lazima achague koo la kusomea, na akishachagua "a" imeshapata jinsia. Ndiyo yaliyompata na bibi harusi wake. Kwa hiyo riwaya ya polisi ya Kiswahili ikisomwa vibaya inapoteza zaidi kuliko ya Kiingereza, kwa sababu sisi tulikuwa na siri kubwa zaidi ya kupoteza.

Na wapo wa kwetu wa kusoma, msidhani ni mambo ya Uingereza tu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alitoka kitabuni 1960, japo yeye si polisi, ni raia na kiko chake na akili yake. Ukitaka inspekta kabisa mwenye cheo, tafuta Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya 1965. Mimi natamani siku moja nimsikie mtu anayejua lafudhi ya Unguja akimsoma Bwana Msa, asome polepole, bila muziki wa kutisha chini yake. Huo muziki unaniudhi mno, mtu anafungua tu mlango wa jikoni na ngoma zinapigwa.

chalii_wa_sakina

Mwalimu hapo kwenye muziki umesema kweli, kuna simulizi moja niliacha kwa ajili hiyo, maneno yenyewe huyasikii.

fundi_mbuyuni

Nimerudi. @sauti_ya_ngaramtoni nimefanya ulichoniambia. Leo kulikuwa na mgao wa umeme, cherehani yangu ni ya mguu kwa hiyo haikunisumbua, mtaa umetulia, nimesikiliza sura ya nne mara tatu na ya sita mara tatu.

Kaka, si uzito wa sauti. Mpiga simu ni mkavu, ananong'ona kidogo. Jirani ni mchangamfu, sauti yake iko juu. Ukiziweka pamoja ni watu wawili kabisa. Kilichonishika ni mwisho wa maneno. Wote wawili wanameza mwisho. Neno linaanza vizuri halafu linaishia kooni, kama mtu anayefunga mlango taratibu asisikike. Na hakuna mwingine kitabu kizima anayefanya hivyo, nimejaribu kumkumbuka kila mtu, hakuna.

sauti_ya_ngaramtoni

Eeh. Basi huyo msomaji alijua anachofanya. Angekuwa amekosea angekosea kwenye sauti, kwenye koo. Kubadilisha koo lote ukaacha mwisho wa maneno peke yake, hiyo mtu ameikusudia. Swali langu ni je, kaiona kitabuni au kaibuni mwenyewe? Kama kaibuni bado nitasema kamwingilia mwandishi. Mwenye kitabu cha karatasi angetusaidia.

vitabu_vya_mtumba_chuga (Arusha)

Mi nauza vitabu vya mitumba, napata riwaya nyingi za polisi za Kiingereza, watalii wanaziacha. Dada njoo inboksi unitajie jina niangalie kwenye maboksi.

vitabu_vya_mtumba_chuga

Nimekipata. Kina doa la chai kwenye jalada ila kurasa zote zipo. Nimesoma sura ya nne na ya sita nimesimama hapa hapa kibandani. Sitaji jina.

Sura ya nne, yule konstebo anapoisikiliza simu, kuna nusu ya sentensi inasema mpigaji alikuwa anayaachia maneno kabla hayajaisha. Nusu ya sentensi tu, imebanwa katikati ya habari za saa na dakika. Nikiwa nasoma kawaida ningeiruka. Sura ya sita hakuna maelezo yoyote ya sauti ya jirani, ila maneno yake yameandikwa na vile vialama vya juu vya kukata herufi, mwisho wa neno herufi moja imeondolewa. Nimehesabu kwenye zile sentensi za chai, vipo vinne. Nikafungua sura nyingine mbele, watu wengine wanaongea herufi zote zimekamilika.

Kwa hiyo mwandishi ndiye aliyeiweka. Msomaji kasoma kilichoandikwa.

kota_za_polisi

Mzee nimemsomea, ameomba kitabu kisiuzwe, anakuja Arusha Jumamosi kliniki ya macho atapita kukichukua nimsomee. Nikamwambia si umeshaambiwa muuaji ni jirani? Akasema anataka kuona huyo mtu wa ufunguo walimpataje.

fundi_mbuyuni

Basi namwondolea lawama yule msomaji, na nikiri nilimsema vibaya sana kichwani mwangu siku mbili nzima. Kinachobaki kuniuma ni kidogo tu, kwamba mwenye karatasi angeweza kuiruka ile nusu sentensi na mi masikio yangu hayakupewa nafasi ya kuiruka. Lakini mi ni fundi, nimezoea kusikiliza, cherehani ikianza kukosa mshono naijua kwa mlio kabla sijaona uzi, labda na hilo limechangia.

@sauti_ya_ngaramtoni naomba kitu. Tusomee ya kwetu. Polisi wa kwetu, RB ya kuripoti kituoni, PF3 ya kwenda nayo hospitali, mjumbe anaamshwa usiku, mwenyekiti wa mtaa anashuhudia upekuzi, nisikie na mtu anayepiga 112 hajitaji.

sauti_ya_ngaramtoni

Ninayo moja, mwandishi ni kijana wa hapa hapa, kanipa yote mpaka mwisho safari hii. Jana usiku jogoo amelala nimerekodi sehemu ya kwanza, dakika kumi na nne, mpigaji yumo. Nimemsoma kwa sauti yangu ya kawaida, sijamwongezea kitu. Nimeituma kwenye kundi la wasikilizaji, wenye namba wawape wenzao.

fundi_mbuyuni

Nimeisikiliza mara mbili napiga pasi. Kuna mtu namshuku, ila ni kwa namna anavyolitaja jina la marehemu, haliiti lote. Usinijibu. Tuma sehemu ya pili.